Lifunguliwe mara moja tu: mwongozo wa kuhifadhi majarida ya zamani ya Marekani ya hadithi za kisayansi

Tandika karatasi nyeupe mezani, weka juu yake toleo la Wonder Stories la mwaka 1931, lifungue katikati, kisha ulifunge. Ukilinyanyua utakuta makombo ya kahawia yametapakaa kama ugoro. Hayo si vumbi. Ni jarida lenyewe limepungua, na kilichodondoka hakirudi. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja: kila toleo lifunguliwe mara moja tu, na siku hiyo kazi zote zinazohitaji lifunguliwe ziishe.

Majarida haya yalichapwa kwenye karatasi rahisi ya mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi asilia inayoshikamanisha nyuzi za mti. Lignini ikipata mwanga na hewa hugeuka njano na kuzaa asidi. Juu ya hayo, viwandani karatasi ilitiwa shabu na utomvu wa msonobari ili wino usisambae, na shabu nayo huleta asidi. Asidi hukatakata nyuzi mpaka karatasi ivunjike badala ya kukunjika. Adui yumo ndani ya karatasi. Hatoki, ila anaweza kucheleweshwa, na joto na unyevu ndivyo vinavyompa nguvu.

Hatua ya 1: Pima na utambue kabla ya kununua chochote

Kosa la kwanza la wengi ni kuagiza mifuko ya kipimo kimoja. Vipimo vikuu ni vitatu. Majarida makubwa ya mwanzo, kama Amazing Stories aliyoianzisha Hugo Gernsback mjini New York Aprili 1926, yana takriban sentimita 21.5 kwa 29.5. Kipimo cha kati, kilichotawala miaka ya 1930 na 1940, ni takriban sentimita 18 kwa 25. Kile kidogo kama kitabu cha mfukoni, kilichotumiwa na Galaxy tangu Oktoba 1950, ni sentimita 14 kwa 19.

Jina moja haliendi na kipimo kimoja. Astounding ilianza Januari 1930 katika kipimo cha kati, ikawa kubwa kuanzia Januari 1942 hadi Aprili 1943, ikarudi kipimo cha kati kwa miezi sita, na kuanzia Novemba 1943, karatasi ikiwa adimu kwa sababu ya vita, ikawa ndogo. Kwa hiyo mtu mwenye Astounding za mwaka 1943 peke yake anahitaji mifuko ya aina tatu. Pima kila toleo kwa rula, likiwa limefungwa, ukihesabu na ukingo wa jalada. Majalada mengi ya kipimo cha kati yamezidi kurasa za ndani kwa milimita kadhaa, na ukingo huo unaoning'inia ndio unaochanika kwanza.

Majina yenyewe pia hubadilika. Science Wonder Stories ilianza Juni 1929, Air Wonder Stories ikafuata Julai. Juni 1930 zikaunganishwa kuwa Wonder Stories, na kuanzia Agosti 1936 ikaitwa Thrilling Wonder Stories. Astounding nayo ikaja kuwa Analog mwaka 1960. Katika orodha yako andika jina lililochapwa kwenye toleo lenyewe, kisha ongeza safu ya "jina la kabla" na "jina la baada". Usiyameze majina yote ndani ya moja, maana mtafutaji hataona tena ni lini jarida liligeuka.

Jihadhari pia na mapengo ya uongo. Ukikuta huna Astounding yoyote kati ya Machi na Oktoba 1933, hujapoteza kitu. Kampuni ya Clayton, iliyokuwa ikilichapa, ilianguka na hakuna kilichotoka mpaka Street & Smith walipolinunua jina. Weird Tales nayo ilitoa toleo moja la Mei, Juni na Julai 1924 kwa pamoja, kisha ikanyamaza hadi Novemba. Watu hutumia miaka kutafuta matoleo ambayo hayakuwahi kuchapwa. Dawa ni kulinganisha orodha yako na ISFDB, hifadhidata ya bure mtandaoni, au na faharasa aliyoichapisha Donald B. Day mwaka 1952, inayoanzia 1926 hadi 1950.

Mwisho wa utambuzi, tenga nakala asili na machapisho ya nchi nyingine. Uingereza, kampuni ya Atlas ilitoa toleo lake la Astounding kuanzia Agosti 1939, likiwa limepunguzwa hadithi. Bei ya shilingi au peni kwenye jalada na jina la Atlas ndani vinatosha kulitambua. Kanada ilipozuia uingizaji wa majarida ya aina hii mwishoni mwa 1940, matoleo ya Kikanada yakachapwa huko huko. Hayo yote yanafaa kuhifadhiwa, lakini kila moja liwe na ingizo lake. Toleo la kwanza la Amazing limeshanakiliwa pia na wachapishaji wa siku hizi. Karatasi nyeupe, mgongo wa gundi usio na pini, na kutokuwapo kwa ile harufu kali ya karatasi kuukuu vitakuambia.

Hatua ya 2: Karantini

Mkusanyo mpya usiingie moja kwa moja kwenye chumba cha hifadhi. Uweke peke yake wiki mbili, juu ya karatasi nyeupe, na kagua kila siku kama kuna unga, mavi ya wadudu au mabawa. Ukiona dalili za wadudu, tumia friza, usitumie dawa ya kupuliza. Funga majarida ndani ya mfuko wa polithini, toa hewa kadiri iwezekanavyo, ziba kwa mkanda, kisha weka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Friza ya nyumbani isiyofika hapo ipewe wiki mbili.

Panapoharibika ni wakati wa kutoa. Ukifungua mfuko ungali baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya jarida kama kwenye chupa ya soda. Uache umefungwa mezani saa 24 kwanza.

Ukungu ni habari nyingine. Friza huulaza tu, haiuui. Jarida lenye ukungu mbichi unaonata likaushwe mahali penye hewa kavu inayopita, na usilifute mpaka ukungu uwe unga mkavu. Hapo uvute kwa kivuta vumbi chenye kichujio cha HEPA, nawe ukiwa umevaa barakoa.

Hatua ya 3: Andaa vifaa vyote kabla ya siku ya kufungua

Kwa matoleo 100 andaa mifuko 110 na kadi ngumu 110, kwa sababu zingine zitakataliwa. Mfuko uwe wa poliesta safi isiyopakwa kitu, unene wa mikroni 75 hadi 100. Fedha ikibana, polipropilini inafaa. PVC usiiguse. Hutoa asidi na kunata kwenye wino wa jalada. Ukifungua mfuko wa plastiki ukanuka kama pazia jipya la bafuni, urudishe dukani.

Kadi ya kuegemeza iwe isiyo na asidi, yenye akiba ya kalisi kaboneti ndani yake, na iwe pana kuliko jalada kwa milimita 5 kila upande. Hiyo ndiyo inayobeba ule ukingo unaoning'inia. Kadi nyingi zinazouzwa kama "salama" zimepakwa kinga upande mmoja tu, ndani ni mbao zilezile zilizosagwa. Ichane moja: ikiwa ndani ni ya kijivu au kahawia, haikufai.

Vifaa vingine ni brashi laini ya manyoya, sifongo kavu ya mpira ya kufutia masizi, penseli, vipande vya karatasi isiyo na asidi vya kuandikia namba, na rula. Glavu za pamba huna haja nazo. Hukwaruza kingo zilizokauka na kukuondolea hisia ya vidole. Nawa mikono, ikaushe vizuri, inatosha.

Hatua ya 4: Siku ya kufungua

Majarida haya hayakushonwa. Kurasa zilipangwa, zikapigwa pini mbili za chuma kutoka ubavuni, kisha jalada likabandikwa kwa gundi juu ya mgongo. Pini hizo hula milimita kadhaa za pambizo ya ndani, kwa hiyo jarida halikuwahi kufunguka likalala hata lilipokuwa jipya. Ukilazimisha, karatasi haikunjiki kwenye pini. Inakatika hapo, kwa mstari ulionyooka kama iliyopigwa wembe. Mwisho wa kufungua ni nyuzi 90 hadi 100. Tengeneza kitako cha mbao mbili zilizokutana kwa pembe hiyo, uzifunike kwa kitambaa cha pamba, na jarida lilale humo.

Kwanza safisha nje likiwa limefungwa. Piga brashi kutoka kwenye mgongo kwenda ukingoni, kamwe usirudi kinyume, maana ukirudi unanasa mipasuko na kuirefusha. Jalada la rangi linaloacha doa kwenye sifongo usilifute tena.

Kisha fungua, na kwa kila karatasi unayogeuza fanya mambo matatu papo hapo: hakiki namba ya ukurasa, taja kasoro kwa sauti ili mwenzako aandike, piga picha. Kazi hii inataka watu wawili. Mtu mmoja akiacha jarida ili akaandike, ndipo kurasa hujifunga zenyewe na kuvunjika. Kwenye ukurasa wa yaliyomo nakili juzuu, namba, mwezi na anwani ya mchapishaji. Hesabu kurasa zote, pamoja na za matangazo na barua za wasomaji.

Msisitizo huo wa matangazo na barua una sababu. Maktaba nyingi zamani zilijalidi majarida kwa mwaka mzima, zikang'oa majalada na matangazo na kunyoa kingo ili mafungu yalingane. Kilichobaki ni hadithi, ambazo mara nyingi zinapatikana vitabuni. Kilichotupwa ndicho kisichopatikana kwingine. Barua za wasomaji katika Amazing na Astounding zilichapwa na anwani zao kamili, na kwa anwani hizo vijana wa miji mbalimbali wakaandikiana na kuanzisha vilabu vyao. Nakala moja yenye jalada lililochanika lakini kurasa zake zote zimetimia ina thamani kubwa kwa mtafiti kuliko juzuu iliyojalidiwa kwa ngozi.

Kwa picha tumia kamera iliyoning'inizwa, usitumie skana ya mezani, kwa sababu skana inakulazimisha kulikandamiza jarida kifudifudi. Lenga pikseli 400 kwa inchi, rangi kamili hata kwa kurasa za maandishi tu, faili za TIFF. Ukurasa wa kipimo cha kati, inchi 7 kwa 10, unakuwa pikseli 2,800 kwa 4,000, yaani takriban megabaiti 34. Toleo la kurasa 128 pamoja na pande nne za jalada ni picha 132, karibu gigabaiti 4.4. Kwa hesabu hiyo diski ya terabaiti 1 hubeba matoleo 200 na ushee. Kamera ya megapikseli 24 inatosha hata kwa majarida makubwa, mradi upige ukurasa mmoja mmoja.

Ukiwa na kamera mbili, moja kwa kila upande wa kitako, kila karatasi inageuzwa mara moja. Kamera moja ina maana upige kurasa zote za kulia, ugeuze kitako, kisha upige za kushoto. Kila karatasi itageuzwa mara mbili, lakini iwe kikao hichohicho. Weka kadi ya rangi na rula kwenye picha ya kwanza. Usikandamize kwa kioo. Ukurasa unaojikunja ushikilie kwa ukanda mwembamba wa poliesta. Taa zote mbili ziwe pembe ya nyuzi 45, na zizimwe kati ya picha kama zinatoa joto.

Kabla ya kugusa lolote la miaka ya 1920 au 1930, fanya jaribio zima kwa nakala ya ziada ya miaka ya 1950. Makosa ya ukali wa picha na ya taa yaishie hapo. Na kabla ya kulifunga jarida, mmoja wenu apitie picha zote 132 kwenye kompyuta. Ukurasa uliorukwa ukigunduliwa wiki ijayo, lile sharti la kufungua mara moja limeshavunjika.

Hatua ya 5: Matengenezo, kwa uchache

Selotepu ni marufuku. Gundi yake hupenya, karatasi inakuwa ya kahawia na kung'aa kama iliyomwagiwa mafuta, na hilo halitoki. Selotepu kuukuu iliyoanza kubanduka yenyewe iache. Ukiivuta inaondoka na herufi.

Mpasuko unaotishia kukata ukurasa unabandikwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Chana karatasi hiyo kwa mkono ili iwe na nyuzi ukingoni, usiikate kwa mkasi. Gundi iwe nzito na kidogo sana, kwa sababu maji mengi kwenye karatasi yenye asidi huacha duara la kahawia. Pini zenye kutu ambazo hazijala karatasi ziache. Zikianza kuila, nyanyua miguu yake kwa kisu chembamba butu na uzisukume zitoke upande wa pili, moja baada ya nyingine. Usitumie kile king'oa pini cha ofisini. Badala ya pini, pitisha uzi wa kitani kwenye matundu yaleyale.

Kuna dawa za kupuliza za magnesi oksidi zinazotuliza asidi. Zinafanya kazi hiyo kweli, lakini karatasi iliyokwisha kuvunjika haipati nguvu tena, na kila ukurasa lazima upuliziwe. Kwa mtu binafsi mwenye mkusanyo mkubwa, fedha hiyo iende kwenye kupunguza joto la chumba.

Hatua ya 6: Mfuko, boksi, chumba

Jarida liingie mfukoni pamoja na kadi nyuma yake, likisukumwa kwa kadi, si kwa jalada. Mdomo wa mfuko usizibwe kabisa, ili mvuke wa asidi upate pa kutokea. Namba iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kinachokaa nyuma ya kadi. Usiandike chochote kwenye jarida.

Yale madogo husimama vizuri kwenye boksi, mradi yasilegee wala yasibanane. Yale makubwa na yaliyovunjika yalale, rundo lisizidi sentimita 15.

Joto la chumba liwe nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Kanuni inayotumiwa na wahifadhi ni kwamba ukishusha joto kwa nyuzi 5, uhai wa karatasi hukaribia kuongezeka maradufu. Unyevu ukipita asilimia 65 na hewa ikatulia, ukungu unaamka.

Anayetunza majarida haya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam anaishi juu ya kiwango hicho muda mwingi wa mwaka, na kuta za mawe ya matumbawe hunywa maji na kuyatoa polepole. Rafu zikae sentimita 10 kutoka ukutani na mbali na sakafu. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana hudhuru kuliko kutokuwapo, maana karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku. Bora makasha ya polipropilini yenye mfuniko unaobana, silika jeli ndani, na kadi ya kupimia unyevu inayoonekana kwa nje. Kadi ikipita 50, kausha silika kwenye oveni na uirudishe ikiwa imepoa.

Hatua ya 7: Majina ya faili na nakala rudufu

Usipange faili kwa misimu. Toleo la kwanza la The Magazine of Fantasy & Science Fiction ni la vuli 1949, la pili limeandikwa baridi na machipuko 1950 kwa pamoja. Ukiipa baridi namba ya mwisho wa mwaka, toleo la pili litaangukia baada ya la nne. Tumia juzuu na namba kwanza, mwaka baadaye: FSF_v01_n02_1950_p001.tif. Majalada yawe c1 hadi c4.

Weka nakala tatu, mbili kwenye diski tofauti na moja nje ya jengo. Tengeneza alama ya uhakiki ya SHA-256, inayoonyesha kama faili imebadilika, kwa kila faili siku ileile, na uzihakiki kila mwaka. Diski hufa kimyakimya.

Hatua ya 8: Haki kabla ya kuweka mtandaoni

Marekani, kilichochapwa kabla ya 1978 kinakuwa huru mwanzo wa mwaka unaofuata baada ya miaka 95. Matoleo ya 1930 yanakuwa huru 1 Januari 2026, ya 1931 mwaka mmoja baadaye. Yaliyochapwa kabla ya 1964 yalihitaji kusajiliwa upya katika mwaka wa 28, na mengi hayakusajiliwa, hivyo yameshakuwa huru. Tatizo ni kwamba jarida na hadithi zilizomo vinaweza kusajiliwa mbalimbali: mchapishaji hakufanya lolote, lakini mwandishi alisajili hadithi yake moja. Angalia vyote viwili katika katalogi za ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Hifadhidata ya Stanford inayotajwa sana ni ya vitabu, si ya majarida, kwa hiyo kutoonekana humo hakuthibitishi chochote. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina orodha ya mtandaoni ya usajili upya wa kwanza wa kila jarida, anzia hapo.

Hatua ya 9: Kujaza mapengo, na kukabidhi

Ukurasa unaokosekana unaweza kuombwa kwenye hifadhi kubwa. Mkusanyo wa Eaton uko Chuo Kikuu cha California, Riverside. Maktaba ya Cushing iko Chuo Kikuu cha Texas A&M. Merril, ulioanzia kwenye vitabu alivyotoa Judith Merril mwaka 1970, uko katika maktaba ya umma ya Toronto, tawi la Lillian H. Smith. Klabu ya wanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, nayo ina rafu zake. Chuo Kikuu cha Syracuse kina kitu kingine: nyaraka za Gernsback na za kampuni ya Street & Smith, yaani barua na karatasi za biashara zilizo nyuma ya majarida. Barani Ulaya, tafuta Chuo Kikuu cha Liverpool, na makumbusho ya Maison d'Ailleurs huko Yverdon-les-Bains, Uswisi.

Unapoandika, taja jina la jarida, juzuu, namba, mwezi, mwaka na ukurasa. Ombi la "Amazing ya zamani yenye roketi" halijibiki. Ukienda mwenyewe, omba siku kadhaa kabla. Ndani ni penseli tu, na jarida utaletewa juu ya kitako kama kile cha kwako.

Ukifikia kukabidhi mkusanyo wako, tuma orodha kwanza, si maboksi. Hifadhi hizi tayari zina nakala nyingi za miaka ya 1950, na zitachagua. Safu watakayoisoma kwanza ni ile ya kasoro uliyoandika siku ya kufungua, kwa sababu nakala iliyotimia jalada, matangazo na barua hupokelewa hata kama wanayo nyingine iliyojalidiwa. Yatakayokubaliwa yasafirishwe yakiwa yamelala, kwenye boksi mbili moja ndani ya nyingine, na sentimita 5 za povu pande zote.